Volti Kumi za Sola

Bariadi mjini, ukimuulizia fundi Nyanda, utaelekezwa kwa mafundi watatu, wote vijana na wote wana pikipiki. Ukiuliza "Ziko Wapi" utapelekwa kwa mtu mmoja tu: mzee mrefu, miwani imefungwa mguu mmoja kwa waya, mkoba wa ngozi begani na kipande cha chaki mfukoni mwa shati. Jina hilo alipachikwa na Zamda, mwenye duka la vyombo karibu na soko, na Zamda akishampachika mtu jina, hata mkewe atalitumia.

Zamda alimwita siku moja kwa sababu birika lake la umeme lilikuwa linachelewa kuchemsha chai. Kazi ya dakika tano kwa fundi mwingine. Nyanda akafungua mkoba, akapima pale umeme unapoingilia dukani, akapata volti mia mbili thelathini. Akaenda kwenye soketi ya birika, birika likiwa linachemka, akapima tena. Mia mbili ishirini na nne.

"Sita ziko wapi?" akauliza.

"Sita zipi tena?"

"Volti sita. Zimetoka pale, hapa hazijafika. Ziko wapi?"

"We Nyanda wewe! Nimekuita uangalie birika, sijapoteza kuku."

Nyanda hakujibu. Alitoa mita ya kubana, ile yenye mdomo unaoukumbatia waya bila kuukata, akasoma ampia saba. Kisha akapiga magoti na kuandika kwa chaki kwenye ubao wa kaunta, mbele ya wateja, kama mwalimu wa darasa la saba. Volti mara ampia ni wati, hiyo ndiyo nguvu inayotumika: mia mbili ishirini na nne mara saba, elfu moja mia tano sitini na nane, hizo birika linazila kihalali. Gawa badala ya kuzidisha, unapata ukinzani, yaani ubishi wa kile kitu dhidi ya umeme unaopita: mia mbili ishirini na nne kwa saba, omu thelathini na mbili. Birika zima kabisa, halina kosa. Halafu akaandika pembeni, kwa herufi ndogo: sita mara saba, arobaini na mbili.

"Hizi wati arobaini na mbili," akasema, "zinaungua mahali humu ndani ya duka lako, na si kwenye birika."

Akafungua soketi zote zilizokuwa njiani. Ya pili, nyuma ya maboksi ya vikombe, skrubu moja ilikuwa imelegea na plastiki imeanza kuwa nyeusi. Akakata waya ulioungua, akaukaza upya, akapima, volti tano zikarudi; ya sita ni haki ya waya wenyewe. Wateja wakapiga makofi, Zamda akacheka mpaka akashika kiuno, na tangu siku hiyo mtaa mzima ukawa ukimwona unapaza sauti: "Ziko wapi, mzee?"

Wao walicheka. Nyanda alikuwa ameshika kaunta kwa mikono miwili, jasho linamtiririka shingoni, kwa sababu alikuwa amesikia harufu ya pamba inayoungua, na nyuma ya bega lake mwanamke mzee amemwambia taratibu: "Fundi, kula kwanza ndipo uondoke." Aligeuka. Nyuma yake kulikuwa na masufuria tu. Zamda alidhani mzee kashikwa na njaa, akamletea andazi.

Ungemuuliza mtu yeyote Bariadi angekuambia Nyanda ni fundi mwoga, wengine wangesema ana kichaa kidogo cha hesabu. Hafungi waya mpaka aambiwe kila kitu kitakachochomekwa, na wati zake, na chumba kitawekwa nini. Tepu ya kufungia viungo vya nyaya ikiisha anafunga mkoba na kurudi kwake, hata kama imebaki sehemu ya kidole kimoja. Amepoteza wateja wengi kwa tabia hiyo. Lakini hakuzaliwa nayo, na hapo ndipo penye kisa.

Miaka tisa nyuma Nyanda alikuwa fundi kama mafundi wote, mwepesi, mwenye maneno mengi, anayemaliza nyumba mbili kwa siku na kusifiwa. Nguzo za umeme zilikuwa ndiyo kwanza zimefika Sola, kule Maswa, na mkulima mmoja wa pamba anayeitwa Januarius alitaka nyumba yake iwe ya kwanza kuwaka. Pamba ilikuwa imemlipa vizuri. Alishanunua jiko la umeme la koili moja kabla hata ya kununua balbu, likakaa mezani limefunikwa kitambaa, na jirani wakaja kulitazama kana kwamba ni bibi harusi.

Nyanda alifika asubuhi, akafanya kazi mpaka alasiri. Bibi mwenye nyumba, Felisita, mama yake Januarius, alikaa barazani anachambua karanga na kumuuliza kila waya unaelekea wapi. Alimpenda bure tu. Ilipobaki soketi ya jikoni, rola ya waya ikaisha. Palipungua mita mbili. Duka la karibu lilikuwa Maswa mjini, na pikapu ya kurudi Bariadi ilishaanza kupiga honi barabarani.

Akachukua kipande cha waya kilichobaki kwenye mkoba, akakiunga kwa kukisokota na koleo. Tepu ilikuwa imeisha. Akachana mfuko wa nailoni, akauzungushia, akafunga. Kiungo kile kikaangukia kwenye ukuta wa chumba cha nyuma, chini, usawa wa goti. Chumba chenyewe kilikuwa kitupu, mwezi wa kwanza, hakina hata mkeka. Sasa wewe niambie: Msukuma gani aliyekulia kwenye pamba asiyejua chumba cha nyuma kisicho na dirisha ni cha nini? Nyanda alikulia juu ya pamba. Utotoni alilala juu yake kila msimu, kuilinda na wezi.

Akawasha jiko, akapima. Pale umeme unapoingilia, mia mbili thelathini. Jikoni, mia mbili ishirini. Ampia nane.

Volti kumi zilikuwa zimeingia ukutani na hazikutoka. Waya wenyewe, kwa urefu ule, ungekula volti moja tu. Tisa zilikuwa pale kwenye kiungo, na hesabu ilimjia kichwani bila kuitwa, maana kichwa chake hakikuwa kibovu: tisa mara nane, wati sabini na mbili. Alijua. Hapa hakuna cha kumtetea, na asitokee mtu wa kusema kazi ilikuwa nyingi au mafunzo yalikuwa madogo. Alijua kwamba ndani ya ule mfuko wa nailoni ameacha joto la balbu inayowaka.

"Nitarudi Jumatatu," akamwambia Januarius, "kuna mahali nataka kupaweka sawa."

Bibi Felisita alikuwa ametoka na sahani ya michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga. "Fundi, kula kwanza ndipo uondoke."

"Mayu, gari linaniacha," akajibu, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Gari litakuja jingine."

Akacheka, akakimbia. Jumatatu ilipita. Ikapita ya pili, na ya kumi na ya ishirini. Kila alipokumbuka alisema wiki ijayo. Mwezi wa saba, pamba ikiwa imejazwa chumba kile mpaka usawa wa kiuno, imebaki nafasi ndogo tu mlangoni penye kinu, nyumba iliwaka saa moja jioni. Bibi Felisita alikuwa amejilaza humo juu ya pamba kwa sababu ya mgongo wake. Hawakuwahi kumtoa.

Nyanda alikwenda kwenye msiba. Alibeba jeneza, tena mbele. Kesho yake aliombwa akaondoe nyaya zilizobaki, na kwenye kona ya chumba cha nyuma, mahali ambapo udongo wa ukuta ulikuwa umeiva mwekundu kama tofali, aliokota kitone cha shaba kilichoyeyuka, kikubwa kama punje ya mahindi. Akaangalia huku na huku. Akakitia mfukoni.

Nje, ukoo ulikuwa umeshampata mwenye kosa. Mkewe Januarius, Milembe, ndiye aliyeingia mle ndani mara ya mwisho, magharibi, akimpelekea mama mkwe uji, na kwa kuwa chumba kile hakikuwekwa taa alikwenda na koroboi. Aliisahau, wakasema. Aliiweka juu ya kinu akatoka bila kuizima. Milembe alilia kwamba alitoka nayo. Akaulizwa mara ishirini, na watu ishirini, usiku na mchana, mpaka akaanza kusema hakumbuki. Kabla mwezi haujaisha alirudishwa kwao, na ng'ombe wa mahari wakasukumwa barabarani kurudi kwa Januarius, watu wamesimama kwenye vibaraza wanahesabu. Binti yake wa miaka kumi na moja, Martha, alibaki upande wa baba.

Na Nyanda, alisema nini? Hakusema kitu. Alirudi Bariadi akakiweka kile kitone kwenye kopo la misumari, akaanza kuulizia volti za watu.

Miaka miwili baadaye Milembe alihamia Bariadi. Alipanga chumba kimoja mtaa wa pili kutoka kwa Nyanda, akaanza kuuza barafu za mifuko na juisi ya ubuyu. Ukitaka kujua moto ulimfanya nini mwanamke huyu, ingia chumbani kwake: hakuna jiko la mkaa, hakuna mshumaa, hakuna kiberiti. Umeme ukikatika anakula michembe mikavu gizani na kunywa maji. Siku ya kwanza alipomwona Nyanda sokoni alimkimbilia na kumshika mikono yote miwili.

"Fundi! Mwadila, fundi."

"Mwadila, mayu," akaitikia salamu ile ya Kisukuma.

Tangu hapo ndiye fundi wake. Alimfungia friza, akamtengenezea feni, akamwekea soketi nne mpya, na hakupokea hata shilingi. Milembe alimsifu kila mahali. "Siku ile ya msiba," alimwambia Zamda, Nyanda akiwa amesimama palepale, "watu wote wa Sola waliniuliza niliweka wapi koroboi. Huyu peke yake hakuniuliza. Huyu ana utu." Nyanda aliinama akajifanya anatafuta bisibisi. Nyuma ya bega lake sauti ikamwambia ale kwanza ndipo aondoke.

Sauti haikuwahi kumkaripia, na hilo ndilo lililomtesa. Angekuja amekasirika, angekuja na moto kwenye nguo, Nyanda angemkimbia kama watu wanavyokimbia mizimu. Lakini Bibi Felisita alikuja na sahani. Alimkaribisha. Mara nyingine Nyanda, akiwa juu ya ngazi kwenye nyumba ya mtu, alijikuta anajibu kwa sauti, "Gari linaniacha, mayu," na mwenye nyumba anamtazama kutoka chini.

Mwaka huu, wiki mbili kabla ya Pasaka, Milembe alikuja kwake akiwa amevaa kitenge kipya na uso umechangamka. Akakataa kukaa.

"Martha anaolewa," akasema.

"Wee! Hongera, mayu. Hongera sana."

"Na mimi nitakaa kwenye kiti cha mama." Akacheka, machozi yakamtoka hapohapo. "Mjomba Constantine ameongea nao." Constantine alikuwa mdogo wake marehemu Felisita, katekista, mtu anayesikilizwa. "Wamekubali. Wanataka kitu kimoja tu. Niende Jumamosi, nisimame mbele ya ukoo, nikiri kwamba niliacha koroboi inawaka, niombe msamaha. Basi. Yanaisha."

Nyanda alitupa jicho rafuni.

"Nakuomba twende wote. Wewe wanakuheshimu, ulimbeba mama. Nikishindwa kumaliza, wewe umalizie."

"Lakini mayu," akasema, na sauti yake mwenyewe akaiona ngeni, "uliiacha kweli?"

Ndiyo mara ya kwanza kumuuliza.

"Sijui, fundi. Zamani nilikuwa najua nilitoka nayo. Siku hizi nikifumba macho naiona iko juu ya kinu, inawaka. Naona hata moshi wake. Basi nitakuwa niliiacha. Mtu ataona kitu ambacho hakikuwepo?"

Angemwambia pale. Chumba kilikuwa na watu wawili, kopo la misumari liko rafuni, hatua tatu. Angenyoosha mkono tu! Badala yake alisema, "Nitakwenda na wewe," na Milembe akamshukuru mpaka nje ya mlango. Ukimlaani hapa una haki. Siku zile zote mpaka Jumamosi hakupima nyumba ya mtu yeyote, alikaa na chaki kitandani, akaandika ukutani tisa mara nane, akafuta, akaandika tena, kana kwamba safari moja ingetoka hesabu nyingine.

Njiani kwenda Sola Milembe alirudia maneno yake kama mtoto anayekwenda kipaimara. Niliingia magharibi. Niliweka koroboi juu ya kinu. Nilipokea bakuli. Nilisahau. Nyanda alikuwa pembeni yake, mkoba magotini. Kopo alikuwa amelitia humo, lakini alijiambia kulibeba siyo kusema.

Mji wa Januarius ulikuwa na nyumba mpya ya bati. Ile ya zamani haikubomolewa. Kuta za chumba cha nyuma zilikuwa bado zimesimama bila paa, zimemea majani juu, na kuku walikuwa wakiingia na kutoka. Ukoo ulikuwa umekaa uani, wanaume kwenye viti, akina mama kwenye mikeka, na katikati yao Martha, mrefu, amejifunika khanga mpaka usoni. Kiti kimoja cha plastiki kilikuwa kitupu karibu na Martha. Milembe alikiona. Nyanda akamwona anavyokitazama.

Constantine akasali sala fupi, akasema watu wamsikilize mama huyu bila kumkatiza. Milembe akapiga magoti kwenye vumbi.

"Ni mimi," akaanza. "Niliingia magharibi na uji. Mama alisema mgongo leo umepoa. Niliweka koroboi juu ya kinu, upande wa kushoto. Utambi ulikuwa mrefu, nikasema nitaupunguza. Sikuupunguza. Nilipotoka niligeuka nikaiona inawaka, na bado nikaenda. Niliiona, nikaenda."

Yale ya mwisho hayakuwa kwenye maneno aliyoyarudia njiani. Ameyaongeza palepale, mbele ya binti yake, ili msamaha uwe mkubwa zaidi. Na yalikuwa ya Nyanda! Aliyeona akaenda zake ni nani? Mwanamke huyu alikuwa ameyaokota maneno ya mtu mwingine na kuyavaa, na yalimwenea.

"Nyamaza, Milembe," akasema Nyanda.

Watu wakageuka. Constantine akainua mkono. "Fundi, tumesema asikatizwe."

"Januarius," Nyanda akasema, ameshasimama, "siku ile ulisema msibani ulisikia harufu. Kama ya nguo iliyozidiwa pasi. Ulisema mbele yangu. Uliisikia saa ngapi?"

Januarius akakunja uso. Alikuwa amenenepa na ndevu zimeingia mvi. "Mambo ya zamani hayo. Mchana. Alasiri, maharage yakiwa jikoni. Wapimaji wa pamba walikuwa waje kesho yake, tulikuwa tunawapikia."

"Kwenye jiko la umeme?"

"Ndiyo, tangu saa nane."

"Na koroboi iliwashwa saa ngapi?"

Kuku mmoja alitoka kwenye lile gofu akapita katikati ya watu. Mama mmoja mzee kwenye mkeka akasema polepole, kama anajisemea, "Magharibi. Koroboi huwashwa magharibi."

"Pamba haiwaki ghafla," Nyanda akasema. "Nyie mnajua kuliko mimi. Inaungulia ndani kwa muda wa saa nne, hata tano, halafu ikipata hewa ndipo inatoa moto. Ilianza alasiri. Milembe alipoingia na uji ilikuwa tayari inaungua chini ya mama, kwenye kona, usawa wa goti. Kule nilikounga waya." Akafungua kopo, misumari ikamwagika, vidole vikatafuta, akakinyoosha kile kitone cha shaba kwenye kiganja. "Hiki ndicho kiungo changu. Nilikiokota kesho yake. Nilikificha."

Akawaambia yote. Rola iliyoisha, tepu iliyoisha, mfuko wa nailoni, pikapu. Akawaambia volti mia mbili thelathini zilizoingia na mia mbili ishirini zilizofika, na kwamba moja ilikuwa ya waya na tisa zilikuwa za kiungo, na tisa mara nane ni sabini na mbili. "Chukueni balbu ya wati sabini na tano, za zamani zile za moto, ifukieni ndani ya gunia la pamba, muiwashe. Ndicho nilichomfanyia mama yenu. Na siku ile nilijua. Nilisoma kwenye mita, nikajua, nikasema nitarudi Jumatatu."

Januarius aliruka kutoka kwenye kiti, wanaume wawili wakamdaka. Akawa anahema tu, hana tusi la kutosha. "Ulimbeba!" akapiga kelele. "Ulimbeba mama yangu begani!" Kisha nguvu zikamwishia, akakaa chini kwenye udongo, maana hata yeye alikuwa amesikia harufu alasiri nzima na hakwenda kufungua mlango, akamfukuza mkewe. Hilo sasa kila mtu pale alikuwa ameshalijumlisha.

"Jumatatu tunakwenda ofisi ya kijiji," Constantine akasema, "halafu polisi."

"Nitakuja," Nyanda akajibu.

"Jumatatu?" akasema Januarius kutoka chini, na kicheko chake kilikuwa kibaya kusikia.

Milembe alikuwa bado amepiga magoti. Hakulia. Alimtazama Nyanda kama mtu anayesoma kibao kilicho mbali.

"Rudia," akasema.

"Mayu..."

"Usiniite mayu. Rudia ile hesabu. Kwa sauti, akina mama kule nyuma hawakusikia."

Akarudia. Kumi kasoro moja ni tisa. Tisa mara nane ni sabini na mbili.

"Kwa hiyo koroboi nilitoka nayo."

"Ulitoka nayo."

"Miaka tisa." Akasimama, akajikung'uta vumbi magotini, taratibu, upande huu na upande ule. "Umenifungia friza. Umekunywa juisi yangu. Nilikuwa nawaambia watu una utu."

Nyanda akainama kuokota misumari, kwa kukosa pa kuweka mikono. Alitaka kuondoka. Alishapima kwa macho umbali wa kufika barabarani, na Milembe aliona, kwa sababu alimshika mkono wa shati.

"Hapana. Leo huondoki haraka. Njoo."

Akamvuta mbele ya ukoo mzima mpaka kwenye kuta zile zisizo na paa, akamwingiza mlangoni. Ndani kulikuwa na majani yanayofika magotini, mavi ya kuku, na kwenye kona, chini, ukuta ulikuwa bado mwekundu kama tofali.

"Sisi umetuambia," Milembe akasema. "Sasa mwambie mama mwenyewe."

Akamwacha. Nyanda alisikia hatua zake zikirudi uani, zikapungua mwendo, zikasimama. Alisikia Martha anasema, "Mama," mara moja tu, halafu vigelegele vya mwanamke mmoja vilivyoanza na kukatika, kwa kuwa haikujulikana kama ni wakati wa vigelegele. Kiti cha plastiki kikalia kilipokaliwa.

Akageukia kona. "Mwadila, mayu," akasema. Akaanza mwanzo, rola ilipoisha, akaenda mpaka mwisho, hakuruka kitu, sabini na mbili akaitamka kwa Kisukuma ili asikosee kueleweka. Alipomaliza alibaki amesimama na mkoba wake, ameinamisha kichwa, akisubiri aambiwe ale kwanza ndipo aondoke. Alisubiri mpaka jua likashuka chini ya ukuta, na uani wakaanza kupakua chakula. Alisikia sahani zinapita. Hakuna aliyemwambia.